Unga, Mayai na Kifimbo Kirefu: Darasa la Upishi Katika Shamba la Romagna

Waitaliano hukiita kiini cha yai *rosso*, yaani "chekundu". Aliyezoea mayai ya dukani anaweza kudhani wametia chumvi. Lakini akiingia asubuhi kwenye banda la kuku la shamba la Romagna, akaokota yai lingali na joto chini ya kuku aliyeshinda akiparua majani na kudonoa mahindi, kisha akalipasua juu ya unga mweupe, ataona neno hilo limetoka wapi. Kiini kinasimama kimevimba, rangi yake kama chungwa lililoiva. Waliokulia kwenye nyumba zenye kuku wa kienyeji hawahitaji kuelezwa zaidi.

Madarasa mengi ya upishi katika mashamba ya Italia huanzia huko bandani na bustanini, jiko likifuata baadaye. Mgeni hupewa kikapu. Huchuma nyanya, hukata majani ya mrehani, hung'oa karoti na kuzikung'uta udongo. Mlo wa siku hutokana na kilichopatikana. Agosti ni mwezi wa nyanya na biringanya; Oktoba na Novemba huja maboga, uyoga na zeituni zinazovunwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta; baridi ikishashika, chungu ni cha maharage na kabichi. Mgeni anayedai mrehani mbichi mwezi wa Januari ataelekezwa dirishani atazame bustani iliyolala.

Romagna ni sehemu ya mashariki ya mkoa wa Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, kati ya mji wa Bologna na bahari ya Adriatiki. Ni nchi ya vilima vya mizabibu na tambarare za matunda na ngano. Kwenye nyumba zake za zamani za wakulima alikuwako mtu aliyeitwa *azdora*: mama mwenye kuitawala nyumba, aliyeshika funguo za ghala, aliyejua mifuko mingapi ya unga imebaki hadi mavuno, na ambaye kila siku alikanda na kusukuma unga wa watu kumi au zaidi. Darasa la shambani, likiwa darasa la kweli, ni urithi wa mama huyo.

Baada ya bustani, mikono huoshwa na aproni hufungwa. Kila mmoja husimama mbele ya ubao wake, na ubao huu haufanani na kile kibao kidogo cha duara cha kusukumia chapati. Ni mpana kama meza ndogo, na *mattarello*, kifimbo chake, huweza kufikia urefu wa mita nzima. Unga humwagwa juu yake ukafanywa kilima, kilima kikatobolewa shimo katikati, na mayai yakapasuliwa humo. Kipimo ni chepesi kukumbuka: gramu 100 za unga laini wa ngano kwa kila yai moja. Maji hayatiwi, wala mafuta, na wapishi wengi hawatii hata chumvi. Uma huyapiga mayai polepole huku ukikokota unga wa kingoni kidogo kidogo. Mwenye haraka hubomoa ukuta, na mayai hutiririka hadi sakafuni.

Kisha huja kazi ya viganja. Kinyunya hukandamizwa kwa sehemu ya chini ya kiganja, hukunjwa, hugeuzwa, hukandamizwa tena, kwa dakika 10 hadi 15. Mwanzoni kinakuwa kigumu, kimejaa mipasuko, na mwanafunzi huanza kuomba maji. Mwalimu hukataa. Taratibu kinalegea, kinang'aa, mwishowe kinakuwa laini kama ndewe ya sikio. Kuna sababu: ndani ya unga wa ngano mna protini ambazo zikilowana na kukandwa hushikana, zikafanya utando unaovutika uitwao gluteni. Kukanda huukaza utando huo, na kupumzika huulegeza. Ndiyo maana kinyunya hufunikwa kwa muda wa nusu saa, kama mpishi wa chapati anavyoyaacha madonge yake yatulie. Asiyekipumzisha atakisukuma, nacho kitamrudia kama mpira.

Kusukuma ndiko kunakomtenga mwanafunzi na bingwa. Mkono wa chapati husukuma na kuzungusha. Mkono wa *sfoglina*, kama anavyoitwa mwanamke mwenye ufundi huu, husukuma, halafu huuviringisha unga kwenye kifimbo na kuteleza juu yake kutoka katikati kwenda pembeni, ukiunyoosha bila kuuchana. Robo saa baadaye, donge lililojaa kiganjani limekuwa *sfoglia*, shuka ya unga ya manjano inayoning'inia ukingoni mwa ubao kama kitambaa cha meza. Watu wa Bologna husema kwamba ukiiinua mbele ya dirisha, yapasa uone kupitia kwake kanisa la San Luca lililoko juu ya kilima nje ya mji wao.

Ubao wa mti nao una kazi yake. Mti una mikwaruzo na vinyweleo vinavyoacha alama kwenye unga, na alama hizo ndizo zinazoushika mchuzi. Sfoglia iliyosukumwa juu ya marumaru, au kupitishwa kati ya vyuma laini vya mashine, huteleza, na mchuzi ukabaki chini ya sahani. Haya hayakutoka maabara. Yalitoka kwa wanawake ambao vizazi kwa vizazi waliangalia kwa makini kinachotokea mikononi mwao, wakakumbuka, wakawaonyesha binti zao.

Kutoka shuka moja huzaliwa vyakula vingi. Ikikunjwa na kukatwa vipande virefu ni *tagliatelle*. Ikikatwa vijiraba, ikawekwa kijalizo na kufumbwa, ni *cappelletti*, "vikofia", ambavyo Romagna hujazwa jibini na kuliwa ndani ya supu. Ikizungushwa kwenye kijiti juu ya kitu kama kitana ni *garganelli*, vyenye mistari mgongoni. Katika *tortellini* za Bologna, zenye nyama ndani, mna kiungo ambacho mpishi wa Unguja angekitambua kwa pua kabla ya kuonyeshwa: kungumanga.

Bologna huyachukulia mambo haya kwa uzito ambao mgeni hautarajii. Tarehe 16 Aprili 1972, Accademia Italiana della Cucina, taasisi inayotunza mila za upishi wa nchi hiyo, iliandikisha kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna kipimo cha tagliatella halisi: ikishaiva iwe na upana wa milimita 8, yaani sehemu moja kati ya 12,270 za kimo cha mnara wa Asinelli, ule mrefu kuliko yote mjini humo. Mwaka 1982 ikaandikishwa namna ya kupika *ragù*, mchuzi wa nyama ya kusaga unaochemka polepole kwa saa mbili au zaidi pamoja na kitunguu, karoti, seleri, nyanya kidogo na maziwa. Maelezo hayo yalipitiwa upya mwaka 2023. Na mchuzi huo, kwao, jozi yake ni tagliatelle. Spageti ya nyama ya kusaga inayouzwa duniani kote kwa jina la Bologna haimo katika desturi ya mji huo. Shambani, hata hivyo, hakuna rula. Shuka hukunjwa, kisu hupita, na jicho ndilo linalopima.

Maarifa ya namna hii yalikuwa yapotee. Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana, Umbria, Marche na Romagna yalilimwa kwa mfumo wa *mezzadria*: familia iliishi kwenye nyumba ya mwenye ardhi, ikalima ardhi yake, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Juu ya nusu hiyo, familia ilidaiwa pia zawadi za lazima: majogoo walionenepeshwa wakati wa Krismasi, mayai wakati wa Pasaka. Sfoglia ya mayai, basi, ilikuwa chakula cha Jumapili na sikukuu. Siku za kazi walikula maharage, uji mzito wa mahindi, au *strozzapreti*, tambi nene za unga na maji matupu zinazosokotwa kwa viganja viwili. Msomaji anayeona vyakula hivi kwenye orodha za hoteli ghali akumbuke kwamba viligunduliwa na watu waliokuwa wakihesabu mayai.

Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Wakati huo vijana walikuwa wakihama kwa maelfu kwenda viwanda vya Torino na Milano. Mwaka 1951 zaidi ya asilimia 40 ya wafanyakazi wa Italia walikuwa kwenye kilimo. Leo hawafiki asilimia 5. Nyumba za mawe zilibaki tupu, vilima vikarudiwa na vichaka. Azdora alifuata wanawe mjini, kwenye nyumba ya ghorofa yenye jiko dogo ambamo ubao wake haukupata mahali pa kukaa.

Jibu la baadhi ya wakulima lilikuwa kumkaribisha mgeni. Chama cha Agriturist kilianzishwa mwaka 1965 kuwaunganisha wakulima waliotaka kupokea watu mashambani mwao. Sheria ya kwanza ya taifa kuhusu *agriturismo* ilitoka mwaka 1985, na iliyoshika nafasi yake ikatoka mwaka 2006. Kiini chake kinastahili kujulikana na kila nchi inayoota utalii wa vijijini: anayepokea wageni lazima awe mkulima, kilimo kibaki kuwa kazi kuu ya shamba, na chakula kinachoandaliwa kitoke kwa sehemu kubwa kwenye shamba lenyewe na kwa majirani wa eneo hilo, kwa viwango ambavyo kila mkoa hujiwekea. Mtu hawezi kununua nyumba kuukuu kijijini, akapanda vichaka viwili vya maua na kuiita agriturismo. Sheria hiyo inataja pia shughuli za kuonja mazao na za kufundisha, na humo ndimo darasa la upishi lilimopata kivuli. Leo Italia ina mashamba ya namna hii zaidi ya 25,000, na Toscana ni miongoni mwa mikoa inayoongoza.

Darasa lenyewe si kubwa. Kwa kawaida huchukua saa tatu hadi tano, wageni wachache kuzunguka meza moja, na huishia kwa kula kilichopikwa. Ubora hutofautiana sana. Ziko sehemu ambako mgeni hukuta kinyunya kimekandwa tangu asubuhi, akakiviringisha kidogo, akapigwa picha na kukaribishwa mezani. Hilo ni onyesho, na anayelipa fedha zake kwa ajili ya kujifunza anadhulumiwa. Kabla ya kuweka nafasi yafaa kuuliza maswali mawili: shamba linalima nini msimu huu, na je, kila mwanafunzi atakanda unga wake mwenyewe tangu mwanzo? Mwenye darasa la kweli hujibu kwa furaha, na mara nyingi humaliza kwa kuuliza mgeni haruhusiwi kula nini.

Swali hilo la mwisho ni muhimu kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe. Upishi wa Emilia-Romagna umemtegemea sana mnyama huyo: ragù ya Bologna hutiwa nyama yake ya tumboni na mvinyo, tortellini hujazwa nyama yake, na *piadina*, mkate bapa wa Romagna unaookwa juu ya kikaango kipana, kwa desturi hukandwa na shahamu yake. Lakini piadina ya mafuta ya zeituni ipo na inakubalika, ragù ya ng'ombe peke yake huiva vizuri, na vijalizo vya maboga, mchicha au jibini ni vya asili huko kama vile vya nyama. Likisemwa mapema, shamba hupanga. Likisemwa sufuria zikiwa motoni, kila mtu huaibika. Na piadina hiyo, kwa aliyekulia Afrika ya Mashariki, ni kama kumkuta ndugu ugenini: donge, kifimbo, moto, mkate unatoka na madoa ya kahawia. Kijiji cha Montetiffi kimekuwa kikifinyanga vikaango vya udongo vya kuokea mkate huu, na tangu mwaka 2014 jina la Piadina Romagnola linalindwa na Umoja wa Ulaya.

Kilomita chache kutoka mashamba hayo ya Romagna uko mji mdogo wa Forlimpopoli, alikozaliwa Pellegrino Artusi mwaka 1820. Artusi alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Firenze, hakuoa, na alipenda kula vizuri. Mwaka 1891 alichapa kwa fedha zake kitabu cha upishi, *La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene*, chenye mapishi 475. Wasomaji wakamwandikia barua wakimletea mapishi ya nyumbani kwao. Toleo baada ya toleo kitabu kikanenepa hadi mapishi 790, na kikawa kitabu cha jikoni cha taifa lililokuwa limeungana miongo michache tu kabla yake. Jina la jalada ni la Artusi. Aliyekuwa akishika mwiko na kujaribu mapishi ni Marietta Sabatini, mwanamke wa Toscana, pamoja na mpishi Francesco Ruffilli. Artusi, kwa haki, hakuwasahau: alipofariki mwaka 1911 aliwaachia hao wawili haki za mapato ya kitabu.

Forlimpopoli nayo haikumsahau Marietta. Mwaka 2007 ilifunguliwa Casa Artusi, nyumba yenye maktaba, mgahawa na shule ya upishi wa nyumbani, na wenyeji wanaofundisha humo kusukuma sfoglia na piadina huitwa Mariette. Ni jambo la kugusa moyo kwamba jina la mtumishi wa ndani limekuwa jina la walimu.

Nje ya Romagna darasa hubadilika kama lugha inavyobadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa. Karibu na Siena mgeni hufundishwa *pici*, tambi nene za unga na maji zinazoviringishwa moja moja hadi zikawa ndefu kama kamba. Kusini, Puglia, kwenye mashamba yenye kuta nyeupe yaitwayo *masseria*, mayai hutoweka kabisa. Huko hulimwa ngano ngumu inayostahimili jua, na kinyunya chake cha maji huburuzwa kwa kisu kisicho na makali hadi kikawa *orecchiette*, "visikio". Ngano hiyo ngumu ndiyo ya tambi kavu za pakiti. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliagiza zitengenezwe kwayo tu.

Kaskazini mwa nchi, na milimani mwa Marche na Abruzzo, mgeni wa Kiswahili atakutana na kitu kitakachomfanya acheke kwa furaha: ugali. Wao huuita *polenta*. Unga wa mahindi humiminwa polepole kwenye maji yanayochemka ndani ya sufuria ya shaba, husongwa kwa mwiko karibu saa nzima, kisha humwagwa juu ya ubao katikati ya meza. Milimani humo uko utaratibu wa familia nzima kuuzunguka ubao huo, kila mmoja akila upande wake, kama wanavyokula watu wa pwani kwenye sinia moja.

Lakini historia yake ina huzuni. Mahindi yalifika kutoka Amerika, na katika karne ya 18 na ya 19 maskini wa Veneto na Lombardia hawakuwa na kingine cha kula. Ukazuka ugonjwa wa ngozi kubabuka, tumbo kuharibika na akili kuvurugika. Mwaka 1771 tabibu Francesco Frapolli wa Milano aliuandika kwa jina la pelagra, yaani "ngozi chachu". Chanzo kilikuja kujulikana baadaye sana: niasini iliyomo kwenye mahindi haifyonzwi vizuri mwilini, na wenyeji wa Amerika walilitatua hilo kwa kuyachemsha mahindi yao na chokaa au majivu. Meli za Ulaya zilibeba mbegu zikaacha maarifa ya jikoni. Sijapata kusikia hoja nzito kuliko hii ya kulithamini darasa la bibi.

Uhusiano wa upishi huu na Waswahili si wa mbali. Tambi zimekuwa za pwani kwa muda mrefu, zikipikwa kwa sukari, nazi na iliki na kuandaliwa kwenye futari. Malindi, ambako Waitaliano walianza kufika kwa wingi baada ya kujengwa kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco huko Ngomeni katika miaka ya 1960, wapo vijana wanaozungumza Kiitaliano na kukanda unga wa piza kwa ustadi. Na Slow Food, vuguvugu lililoanzishwa na Carlo Petrini katika mji wa Bra kutetea vyakula vya wakulima wadogo, tangu mwaka 2022 linaongozwa na Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda.

Mezani, mchana unapokwisha, sahani huja kwa zamu. Tagliatelle za kila mwanafunzi hutumbukizwa pamoja kwenye maji yanayotokota yenye chumvi, na baada ya dakika mbili tatu hakuna anayejua tena zake ni zipi, nyembamba za hodari na pana za mgeni zimechanganyika chini ya mchuzi. Jibini la Parmigiano hukunwa juu yake, jibini ambalo gurudumu lake moja la kilo 40 hivi hunywa takriban lita 550 za maziwa na hukaa ghalani si chini ya miezi 12. Watu hula wakinyamaza, kisha huongea wote kwa pamoja.

Jikoni, ubao haujaoshwa bado. Kingo za shuka, zile pembe zilizokatwa zikaachwa, hazitupwi. Mwenyeji huzikusanya, huzikata ovyo ovyo kwa kisu na kuzitandaza zikauke. Zinaitwa *maltagliati*, "zilizokatwa vibaya". Huzifunika kwa kitambaa, halafu hutia maharage kwenye bakuli la maji yalowe usiku kucha, kwa supu ya kesho.